Kabini iligoma kuinuka, betri zimekufa: kabla kijana hajaingia chini ya chuma

Mkoa wetu wa Dodoma umekaa katikati ya nchi, na kukaa katikati kuna gharama zake. Shehena itokayo bandari ya Dar es Salaam kuelekea Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, ikiwa haikupakiwa kwenye reli, aghalabu hupita mbele ya milango yetu: Kibaigwa, Mbande, Dodoma mjini, Bahi, kisha Manyoni na Singida. Ile njia ya kale ya kutoka Cape Town hadi Cairo nayo hukatiza hapa hapa, ikitokea Iringa na kuelekea Kondoa, Babati na Arusha. Na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku, na Dodoma kupandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Aprili 2018, yameongezeka matipa ya mchanga na kokoto yasiyo na idadi, yakichota kwenye makorongo na kumwaga Mtumba, Nzuguni, Ihumwa na kwingineko kunakojengwa.

Magari yote haya, kwa tofauti zake, yana jambo moja linaloyaunganisha. Kila moja lina kiungo kizito ambacho hakiinuliwi kwa mikono, bali kwa mafuta yaliyobanwa ndani ya silinda. Tipa huinua bodi. Lori kubwa huinua kabini yote ili fundi aifikie injini iliyo chini yake. Hata wale wasafiri wa Ulaya wanaopita hapa kwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, baadhi yao huja na magari na matela ya kulala ambayo paa lake hupanda juu yakifika kambini, na huko Marekani yapo matela ambayo paa zima hupandishwa na pampu ya mafuta inayoendeshwa na betri. Maradhi yao ni yale yale: betri ikifa, kile kilicho chini hakipandi, na wakati mwingine kile kilicho juu hakishuki.

Tumeamua kuliandikia jambo hili katika kurasa za familia, si katika ukurasa wa biashara, na sababu yake ni nyepesi kuieleza. Anayeingia chini ya chuma hicho kilichogoma mara nyingi si mwenye lori, wala si dereva. Ni utingo wa miaka kumi na tisa, au mwanagenzi wa gereji aliyepelekwa na mama yake akajifunze kazi ya mkono. Hao ni watoto wetu, tunaowaona safu za nyuma siku ya Ijumaa wakiwa na mafuta meusi kwenye kucha.

Mwaka huu, Alhamisi moja baada ya swala ya Alasiri, lori lenye shehena ya saruji lilizimika mbele ya msikiti wetu, ulio kando ya barabara iendayo Singida. Mkanda wa injini ulikuwa umekatika kilomita kadhaa nyuma. Mkanda ule ndio unaozungusha jenereta ya kuchaji betri, na ndio unaozungusha pampu ya maji ya kupoza injini. Dereva alijikongoja hivyo hivyo huku taa na feni vikinyonya betri isiyopokea kitu, hata alipoegesha na kuzima injini isiungue, haikuwaka tena.

Hapo pakazuka fundo. Mkanda mpya ulikuwapo, umefungwa kwenye mfuko nyuma ya kiti. Lakini kuufunga kulihitaji kabini iinuliwe; kabini ya lori lile huinuliwa kwa kubonyeza kitufe; kitufe huamuru mota ya umeme; na umeme ndio huo uliokwisha.

Vijana wa mtaa hawakukawia kukusanyika. Mmoja alileta gari dogo la baba yake na waya za kubusti. Walipounganisha, kukasikika mlio mdogo, tak, kisha kimya. Wakarudia: tak. Kijana akasema mota imeungua. Haikuwa imeungua. Gari dogo lina betri moja ya volti 12, na lori lile, kama yalivyo malori mengi makubwa, linatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Mlio ule ulikuwa wa rilei ikijaribu kufunga njia ya umeme na kushindwa. Yafaa kila mwenye gari alijue hili, kwa sababu wapo waliokwisha kuharibu vifaa vya magari yao madogo kwa kuyaunganisha na lori zima kwa nia njema ya kusaidia.

Rai ya pili ndiyo iliyotutia hofu. Walitaka kuingiza jeki ya chupa chini ya pembe ya kabini, waipandishe kidogo, waweke gogo, wahamishe jeki, wapandishe tena, mpaka ipatikane nafasi ya mtu kupenya na mkanda mkononi. Utingo alikwisha kuvua shati. Kabini ya kulala ya lori la namna ile, pamoja na viti, kitanda na vikorokoro vyake, uzito wake hukaribia tani moja na yawezekana kuipita. Jeki ya chupa ina kichwa kidogo kama kifuniko cha soda.

Akapita mzee mmoja, fundi wa zamani wa malori ambaye siku hizi macho yamepungua nguvu na kazi yake ni kushauri tu. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia, akatazama gogo, akatazama jeki, akamwambia utingo, "Mwanangu, vaa shati lako kwanza. Hii ina mkono wake, mmeutafuta?"

Hawakuwa wameutafuta, kwa sababu hawakujua kama upo. Na hapa ndipo penye faida ya makala haya, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Mafuta ndani ya silinda hayabanyiki kama hewa. Ukiyasukuma upande mmoja, msukumo ule ule husambaa pande zote za chombo kwa kila sentimita ya mraba. Kanuni hii hunasibishwa na Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, na mwaka 1795 Joseph Bramah akasajili nchini Uingereza mashine ya kugandamiza iliyosimama juu ya kanuni hiyo. Mfano wake ni huu. Chukua pampu yenye bastola ya sentimita 2 za mraba, iunganishe na silinda yenye bastola ya sentimita 40 za mraba. Ukisukuma pampu kwa uzito wa kilo 60, silinda itainua kilo 1,200. Lakini hakuna cha bure: kwa kila sentimita 20 utakazosukuma wewe, mzigo utapanda sentimita 1 tu. Ndiyo maana mtu mmoja aliye peke yake anaweza kuinua kabini nzima, mradi awe na subira na mkono usiochoka.

Kinachozuia mzigo usirudi chini baina ya pigo moja na jingine ni vali, kijilango kinachofunguka upande mmoja tu. Tuliosoma vyuo vya dini huwa tunayapita maneno haya kana kwamba hayatuhusu, ilhali mababu zetu wa kielimu waliyashughulikia mno. Wana watatu wa Musa bin Shakir waliandika kitabu chao cha vyombo vya hila mjini Baghdad katika karne ya 9 ya Miladia, na vali ni miongoni mwa walivyovitumia kwa ustadi. Ismail al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1206 akiwa katika utumishi wa watawala wa Kiartuqi huko Diyarbakir, alieleza na kuchora pampu ya bastola mbili, moja ikivuta maji huku nyingine ikiyasukuma, kila moja na vijilango vyake. Hatudai kwamba al-Jazari aliunda lori. Tunachosema ni kwamba kijana wa madrasa anayepiga pampu ya mkono kando ya barabara ya Singida anashika jambo ambalo wanavyuoni wa umma huu hawakuliona kuwa duni.

Turudi kwenye lori. Waliounda pampu za umeme za kuinulia kabini walijua fika kwamba betri hufa, na hufa hasa siku ile ambayo kabini inahitajika kuinuka. Kwa sababu hiyo pampu nyingi za aina hiyo zimeachiwa njia ya mkono: tundu la kuchomekea mtaimbo, au kichwa cha bolti kinachozungushwa kwa spana. Pampu yenyewe aghalabu iko pembeni nyuma ya kabini au karibu na tairi la mbele, imefunikwa vumbi kiasi cha kuonekana ni sehemu ya chesisi. Pembeni yake huwapo kiwiko kidogo chenye pande mbili, kimoja cha kupandisha na kimoja cha kushusha. Kiwiko kikiwa upande wa kushusha, utapiga pampu mpaka Magharibi na kabini isisogee hata unywele.

Mzee aliamuru mambo kwa utaratibu ambao tuliuandika kwenye daftari la kamati, kwa kuwa daftari ndilo lililokuwa mkononi. Lori likazwe breki na matairi yawekewe mawe mbele na nyuma. Gia iwe huru. Kila kisichofungwa ndani ya kabini kitolewe: jiko la gesi, dumu la maji, sufuria, spana, simu. Watu walicheka kuhusu simu. Lakini kabini inapoinama mbele, kila kilicho kitandani huruka kwenye kioo, na dumu la lita 20 ni kilo 20 zinazoruka. Milango ifungwe. Mbele ya lori pasimame mtu yeyote, kwa kuwa kabini haipandi tu, bali huanguka mbele taratibu ikishapita nusu ya safari yake.

Kisha akauliza mafuta ya pampu. Yalikuwa chini ya alama. Hili nalo huwadanganya wengi: kabini ikipanda mpaka mahali fulani na kukataa kuendelea, si lazima kuna kilichovunjika, huenda ni mafuta tu yameisha kwenye kikopo chake na pampu sasa inavuta hewa. Tukapata lita moja ya mafuta ya aina inayotakiwa kwa muuza vipuri jirani. Mzee alikataa katakata mafuta ya breki aliyoletewa kwanza, kwa sababu hula mipira ya ndani iliyoundwa kwa mafuta ya aina nyingine.

Mtaimbo wa asili ulikuwa umepotea. Kipande cha bomba la chuma kikashika nafasi yake. Vijana wakapiga kwa zamu, thelathini thelathini. Mapigo ya mwanzo hayakuonyesha kitu, na mmoja akaanza kunung'unika. Kumbe mapigo hayo ndiyo yanayojaza mipira na kufungua ndoana zinazoishikilia kabini. Halafu ikanyanyuka, upana wa kidole, upana wa kiganja.

Ilipofika kimo cha kifua, utingo akachutama ili achungulie injini. Mzee akamkamata kola.

Sababu ya kumkamata ndiyo sababu ya makala yote. Kabini, bodi ya tipa na paa la tela vina hali mbili za salama: kushuka kabisa, na kupanda kabisa huku kukiwa na kizuizi cha chuma. Hali ya katikati si ya mtu kuingia. Katika hali ya katikati, kilichoshikilia tani nzima ni utando wa mafuta nyuma ya kijilango kimoja na mpira mmoja ambao umri wake haujulikani. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye kijilango, mafuta hurudi. Mpira ukipasuka, hayarudi taratibu. Mzigo hautoi onyo wala hausubiri mtu atoe kichwa.

Kwa hiyo wakaendelea mpaka kabini ikalala mbele kabisa. Hata hapo mzee hakuridhika. Alitaka bomba nene la chuma la inchi tatu, likatwe kwa kipimo, lisimamishwe baina ya chesisi na sehemu ngumu ya kabini, likae imara hata mafuta yote yakimwagika. Mchomeleaji wa jirani akalikata kwa dakika chache. Ndipo utingo akaruhusiwa kuingia na mkanda. Kazi aliyotaka kuifanya kwa kujipenyeza chini ya gogo aliimaliza akiwa amesimama wima, kabla ya adhana ya Magharibi.

Betri zilishughulikiwa mwisho, na huo ndio mpangilio sahihi, kwani hakukuwa na maana ya kuwasha injini isiyo na mkanda. Lori jingine la volti 24 likasimama kusaidia. Waya mwekundu hufungwa kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha lori lililokufa, mbali na betri. Umbali huo una sababu yake: betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya muunganisho wa mwisho yaweza kuilipua usoni pa mtu. Kutoa waya ni kinyume cha kufunga.

Wengi hutuuliza inakuwaje taa ya ndani iwake na pampu ikatae. Taa hula ampea moja au pungufu. Mota ya pampu hudai makumi ya ampea, na ikilemewa yaweza kupita mia. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6, ikiwa chini ya 12 itawasha taa, lakini kwa kazi nzito ni maiti. Wakati mwingine hata betri yenyewe ni nzima, na kilichooza ni vichwa vyake: ule unga mweupe na wa kijani unaokula vifungo na kuziba njia ya umeme. Maji ya moto kidogo na brashi ya waya vimeokoa betri nyingi zilizokuwa njiani kwenda kuuzwa kwa kilo.

Kwetu Dodoma kuna ziada. Joto na ukavu hukausha maji ya betri haraka, na wenye magari huongeza maji ya bomba. Maji ya visima vyetu, kila aliyewahi kunywa chai ya Dodoma anajua, yana chumvi. Chumvi hiyo huharibu betri kwa ndani. Maji ya kuongeza ni yale yaliyosafishwa kwa ajili ya betri, yanayouzwa kwenye chupa, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na betri.

Sasa kuhusu kushusha, ambako nako kuna vifo. Bodi ya tipa iliyokwama juu huku injini imekufa ina kishawishi chake: fundi asiye na subira hulegeza mpira wa mafuta ili bodi ishuke. Asilani. Mafuta yale yamebanwa kwa nguvu kubwa. Yakitoka kwenye upenyo mwembamba hupenya ngozi kama sindano. Jeraha lake huonekana dogo, tundu lisilotoa damu, na mtu huenda nyumbani; kumbe mafuta yamekwisha kuenea ndani ya kiganja, na asipofika kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo yaweza kumgharimu mkono. Hata kutafuta panapovuja kusifanywe kwa vidole. Pitisha kipande cha boksi. Mifumo mingi ina skrubu au kiwiko cha kuachia mafuta kwa mkono. Hulegezwa robo duru kwa robo duru, watu wote wakiwa wametoka chini na pembeni. Na bodi ikiwa na mzigo, hata nguzo ya usalama iliyokuja na tipa haikuundwa kuubeba. Mzigo humwagwa kwanza.

Tunajua gerejini watacheka. Watasema wao wamefanya hivyo miaka yote. Tumekaa na wazazi wa vijana kadhaa wa mtaa wetu baada ya siku ile, na tuliloligundua ni kwamba hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kumuuliza fundi mkuu swali lolote zaidi ya ada ya mafunzo. Baba anayemchunguza mchumba wa binti yake mpaka kwa majirani wa kijijini humkabidhi mwanawe wa kiume kwa gereji asiyoijua jina la mwenyewe. Mama aende akaone. Atazame kama kuna nguzo za chuma za kukingia, au ni magogo na matofali. Aulize nani huingia chini, mwenye ujuzi au mgeni wa juzi. Jibu likiwa ni mgeni wa juzi kwa sababu ana mwili mdogo, amrudishe mtoto nyumbani.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008. Lakini kijana asiye na karatasi yoyote inayomtaja kuwa mfanyakazi, akiumia chini ya lori saa tano usiku, familia yake itaanza kwa kuthibitisha kwamba alikuwa pale. Kwa hiyo karatasi ni jambo la kudaiwa siku ya kwanza, hata kama ni ukurasa mmoja wenye majina, tarehe na sahihi. Na kwa wale waliokwisha kujifunza kazi kwa kushika, VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi wa mitaani na kuwapa cheti cha ujuzi wao bila kuwarudisha darasani miaka miwili. Kituo cha VETA kipo Dodoma hapa hapa. Vijana wawili kati ya waliopiga pampu siku ile tumekwisha kuwaandikia barua za utambulisho.

Lile bomba la inchi tatu dereva alituachia. Liko nyuma ya stoo ya msikiti, limepakwa rangi nyekundu, pamoja na kipande cha mtaimbo, mawe mawili ya matairi na waya za kubusti zilizonunuliwa kwa mchango wa waumini. Dereva yeyote aliyekwama, awe Muislamu au asiwe, aulize kwa mtunza msikiti, ambaye hulala hapo hapo. Tunachoomba ni vifaa virudishwe vikiwa vimefutwa mafuta, maana stoo hiyo hiyo ndimo inamowekwa mikeka ya Ijumaa.